Wale Watu wa Kabla ya Ng'ombe

Jumanne, 20 Juni 1995

Juzuu ya nne. Sura ya kwanza yote leo, na nusu ya pili. Koo limekauka.

Wamemaliza turubai zima la pamba. Nyeupe kulia, hiyo ndiyo safi. Yenye madoa na majani kushoto, hiyo ni fifi. Chama cha ushirika hakipokei mchanganyiko, kwa hiyo kila msimu wanawake wa jirani huja kwetu kuchambua, halafu tunakwenda kwao. Mimi sichambui. Nakaa juu ya gunia lililojaa, katikati yao, nawasomea hadithi. Hakuna anayeona vibaya.

Hapa Nkololo mkamwana hapazi sauti karibu na baba mkwe. Huu ni mwaka wa nne tangu niolewe na baba mkwe hajanisikia hata nikifukuza kuku. Nikiwa na kitabu ruksa. Maneno si yangu, ni ya kitabu. Basi yeye hukaa nyuma ya kihenge cha mtama anasokota kamba. Anaisokota tangu juzuu ya kwanza. Ingekuwa kamba kweli ingeshafika Bariadi mjini.

Leo Goro aliposombwa na mto, kamba ilisimama. Niliona vidole vyake pembeni ya kihenge, vimetulia. Mzee mzima, mwenye zizi, anamwogopea mtu wa karatasi.

Nastaajabu kila siku. Sizoei.

Jumatano, 21 Juni

Sijasoma, tulikuwa shamba kung'oa mabua. Mikono inauma. Niandike kidogo kuhusu mwanzo, nisije nikausahau.

Hadithi ni ya watu wa zamani sana. Kabla ya chuma, kabla ya mtama. Wanakaa mapangoni, wanavaa ngozi, wanapendana. Teya na Goro. Mwandishi yuko Dar es Salaam, na mume wangu Maduhu hununua vitabu vyake Somanda, kwa muuza magazeti. Hapa hakuna anayelishika jina la kwenye jalada. Wanasema tu, leo tusomee wale watu wa kabla ya ng'ombe.

Kwenye juzuu ya kwanza Goro alimtaka Teya. Mimi nilitaka kuendelea, wao wakagoma. Ataoaje bila ng'ombe? Bibi Holo alisema hiyo si ndoa, ni wizi. Mama Shija akasema labda walilipa ngozi. Mama mkwe wangu, Mayu, akasema hakuna baba duniani anayetoa binti kwa ngozi. Siku nzima. Pamba ikalala. Mwishowe ukaja ujumbe kutoka nyuma ya kihenge, umeletwa na mtoto: alete moto. Maana kule kwao moto ulikuwa shida kuupata, ukizimika wanakaa na baridi msimu mzima.

Kesho yake nikasoma. Goro alileta moto.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mtu wa Dar aliyesoma na mtu wa Nkololo asiyewahi kushika kalamu, wamefika mahali pamoja kwa ajili ya watu waliokufa kabla dunia haijawa na majina. Hili jambo nikilifikiria nashindwa kulala.

Jumamosi, 24 Juni

Maduhu amekuja na baiskeli. Anafanya kazi kinu cha pamba, mjini, anarudi mwisho wa wiki. Ameleta chumvi, sabuni na uso wa mtu anayeficha kitu.

Ni ile habari ya Dutwa. Kuna msichana huko, wa kuolewa mke wa pili. Baba mkwe anasema miaka minne inatosha. Mimba zangu mbili zilitoka na ya tatu haijaonekana. Maduhu hakatai, hakubali, anajikuna shingo. Nampenda na shingo yake hiyo naichukia.

Anayezuia ni Mayu peke yake. Na sababu naijua, ni Teya.

Juzuu tatu nzima Teya hakuwa na mtoto. Watu wa pangoni walimwambia Goro amwache. Aliyesimama naye ni Weni, mwanamke mwingine asiye na mtoto, mkubwa kwake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Niliposoma Weni anagawana na Teya ngozi yake ya kulalia, Mayu alilia pamba ikamganda mashavuni. Jioni ile akanimiminia maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe, ambacho hakuna mtu hukigusa. Hakusema kitu. Tangu hapo Dutwa ikitajwa anauliza kama mbuzi wamerudi.

Nalindwa na mwanamke wa karatasi. Upuuzi mtupu. Na ni kweli tupu.

Jumanne, 27 Juni

Teya ana mimba.

Nililiona neno chini ya ukurasa kabla sijalifikia. Nikalisoma kama nilivyosoma mengine yote. Sauti haikutikisika, najipongeza.

Mama Shija alipiga kigelegele peke yake. Kikafia njiani. Wengine waliangalia mikono yao. Mayu aliinama akaendelea kuchambua, anaitupa safi kwenye fifi.

Nimeumia. Nimemwonea wivu mtu asiyekuwepo.

Alhamisi, 29 Juni

Mapacha! Teya amejifungua mapacha, amesimama wima, peke yake, amewaosha mtoni na mchana akaenda kuwinda swala.

Bibi Holo ana Kulwa na Doto wake, watu wazima sasa. Aliacha pamba. Hakukaa ndani hata siku moja? Nikaangalia kitabu. Hakukaa. Na mambo ya mapacha nani kawafanyia? Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Hakuna. Huku kwetu mapacha hawazaliwi hivihivi. Ukoo unaitwa, dawa zinachemshwa, kuna nyimbo ambazo siku nyingine ukiziimba utapigwa. Wasipofanyiwa, mvua inakatika. Na mwandishi yule, ukurasa unaofuata kabisa, kanyesha mvua.

Bibi Holo alikasirika kuhusu ile mvua kuliko kitu chochote. Ameondoka bila kuaga. Nimebaki nimeshika kitabu kana kwamba mimi ndiye niliyeinyesha.

Jumatatu, 3 Julai

Ng'ombe wameingia kwenye hadithi. Tumewangoja kwa juzuu tatu na nusu.

Asubuhi Teya anamwona ng'ombe jike wa porini mwenye pembe ndefu. Anamwangalia machoni. Jioni anamkamua.

Kisha Mayu akauliza, polepole, kama anayemuuliza mtoto: ndama yuko wapi? Nikatafuta. Ndama hayupo. Ng'ombe bila ndama kumnyonya kwanza, maziwa hayashuki, hilo anajua hata mtoto anayeanza kutembea. Mama Shija akasema, "Huyo mwandishi wenu hajawahi hata kukanyagwa na ndama."

Walicheka mpaka turubai likajikunja. Na nyuma ya kihenge nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu niolewe, baba mkwe anacheka. Cheko la chini, la kifuani. Sikujua analo.

Nilicheka na mimi. Baadaye nikiosha vyombo nikaogopa. Teya akianza kuchekwa, nani atamlilia tena?

Ijumaa, 7 Julai

Bibi Holo amerudi lakini anasinzia. Mama Shija anaimba nyimbo za kwaya chini kwa chini nikisoma. Amesema wazi, zamani alikuwa anamwota Teya, sasa akimwota anageukia upande wa pili.

Wiki hii Teya ameshona viatu, ametibu homa, amefinyanga chungu cha kwanza duniani na amechonga mtumbwi. Mimi kwetu ni Mwamanyili, ziwani. Babu yangu alichonga mtumbwi msimu mzima na bado ulivuja. Nilitaka kusema hivyo. Nikakumbuka kihenge, nikameza.

Mayu akauliza, "Na wengine humo pangoni, wao wanafanya nini?"

Wengine wanamtazama Teya. Ndiyo kazi yao.

Goro naye amekuwa kama mwenge, kazi yake kummulika Teya tu. Kila sura anamwambia Teya ni mzuri kama mwezi, na kila sura mwezi ni mpevu.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya ibada nilikwenda kuokota kuni kwenye mawe makubwa, upande wa machweo. Nilipumzika juu ya bamba la jiwe lililo tambarare. Mkono wangu ukaingia kwenye shimo.

Si shimo la maji. Refu kama unyayo, laini ndani kama kibuyu. Pembeni lingine, na lingine. Watu walisaga kitu hapa. Hatusagi huku juu, hakuna babu anayekumbuka mtu kusaga huku juu. Nikaingiza ngumi yangu. Ikaenea.

Mwanamke aliinama hapa. Labda mgongo ulimuuma. Labda alikuwa na mama mkwe. Alisaga mpaka jiwe likamkubali, na kuliingia jiwe namna ile si kazi ya mtu mmoja, ni yeye na binti yake na mjukuu wake, na kwa wale wasiopata binti, mtu mwingine aliyepokea. Hakuna aliyejua nani alianza.

Nilikaa mpaka jua likawa kali. Nywele zilinisimama. Hofu haikuwepo. Ni ukubwa wake tu.

Nimerudi na kuni chache. Nikasemwa.

Jumatano, 12 Julai

Lori limekuja. Si la chama. La wale wanunuzi binafsi wanaosemwa redioni, serikali imewaruhusu msimu huu. Mizani yao, makarani wao, kipaza sauti juu ya kabini.

Mzee mmoja akapeleka safi yake na fifi yake kwenye magunia mbalimbali, kama tulivyozoea. Karani akayamwaga yote pamoja. Akasema mzee usijisumbue, sisi tunachukua yote, bei moja, hela mkononi.

Mzee alisimama anaiangalia pamba yake ikichanganyika. Wengine walishangilia. Nami nilishangilia, hela mkononi si mchezo, chama kilikuwa kinatuzungusha mpaka mwezi wa kumi na mbili. Nilipofika nusu ya njia kurudi nyumbani ndipo nikaelewa.

Hakuna tena kuchambua.

Alhamisi, 13 Julai

Wamekuja wawili. Wamekaa kidogo, mikono imekosa kazi, wakaenda gulioni.

Nimesoma kurasa chache. Mama Shija alikuwepo. Ameniambia usoni, kwa upole wake wa jiwe, "Mke wa Maduhu, zamani nilikuja kwa ajili ya Teya na pamba ikawa sababu, siku hizi nakuja kwa ajili ya pamba na Teya ni kelele. Sasa pamba haipo."

Nimempenda kwa kusema ukweli. Nilitamani pia aanguke.

Jumapili, 16 Julai

Baba mkwe ametenga ng'ombe. Wamefungwa upande wa pili wa zizi, hawakwenda malishoni na wenzao, wanaletewa majani. Kila anayepita anajua maana yake. Wanangoja kwenda Dutwa.

Nilimwangalia Mayu. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuuliza habari za mbuzi.

Maduhu amerudi mjini alfajiri bila kuniamsha.

Sitaki mke mwenzangu. Naiandika hivyo kwa kuwa siwezi kuisema. Wapo wanawake wanaopatana, najua, wengine ni kama dada. Sitaki. Na mke asiye na mtoto, mwenzake akizaa, huanza kulala jikoni. Halafu siku moja kaka zake huitwa kuja kumchukua.

Jumatano, 19 Julai

Maduhu amempa dereva wa lori kifurushi aniletee. Juzuu ya tano! Jalada jekundu, Teya juu ya farasi. Farasi wametoka wapi?

Nimefurahi kama mtoto. Labda mwandishi ameyasikia. Labda kuna watu wengine, Tabora, Tanga, wamemwambia rudisha Teya wetu wa zamani. Nitasoma mbele kabla sijawasomea, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Alhamisi, 20 Julai

Nimesoma mbele. Heri nisingesoma.

Sura ya tatu. Njaa imeingia pangoni. Teya sasa ndiye mkuu wao. Anakaa juu ya jiwe la ushauri na kuamua kwamba asiyeleta chakula wala mtoto apishe. Anayetakiwa kupisha ni Weni. Weni yule wa ngozi ya kulalia. Teya analia chozi moja, zuri, linang'aa, na Goro anamwambia ni mwenye hekima. Weni anatoka na fimbo. Sura inaisha kwa mwezi mpevu.

Mwandishi anataka tumsifu Teya. Ameandika kabisa: hekima.

Nawezaje kulisoma hili mbele ya Mayu wiki hii, na ng'ombe wale wamefungwa pale? Nyuma ya kihenge baba mkwe ataitikia kwa kichwa. Kitabu kimesema.

Naweza kuruka. Naweza kugeuza, Weni abaki. Nani atajua? Lakini wameniacha niongee miaka yote hii kwa sababu wanaamini siweki neno langu humo. Nikiweka moja, yote yanakuwa yangu. Hata Goro na moto wake. Hata machozi ya Mayu.

Nimekasirika mpaka nimemchapa mbuzi asiye na kosa.

Jumamosi, 22 Julai

Nimelisoma.

Mayu aliwaita watu kupukuchua mahindi. Walikuja wote, hata waliokuwa wameacha. Jalada lile jekundu lilizungushwa mkono kwa mkono. Kihenge kilikuwa na mtu wake. Nilijua ni nafasi ya mwisho ya Teya, na yangu.

Sura ya kwanza wakavumilia. Farasi hawakumshtua mtu, wamekwisha kumzoea Teya. Sura ya pili Bibi Holo akafumba macho. Nikafika ya tatu.

Nilisoma neno kwa neno. Asiyeleta chakula wala mtoto apishe. Punje ziliacha kudondoka kwenye ungo. Nikasoma Weni anavyofunga kipande cha ngozi kiunoni. Nikasoma chozi. Nikasoma hekima. Sauti ikanitoka nyembamba lakini ikatoka.

Mayu akasema, "Funga."

Nikafunga. Akainuka, akakung'uta kanga, akaenda zake upande wa zizi. Bibi Holo akainuka. Kisha Mama Shija, kisha wote, hakuna neno hata moja. Kwenye sherehe za mbina, ngoma mbili zikishindana uwanja mmoja, watu hawazomei. Wanageuka tu na kwenda kwa mwenzako, na unabaki unapiga ngoma mbele ya vumbi. Nimeiona mara nyingi. Sikuwahi kuwa mwenye ngoma.

Nyuma ya kihenge, kamba tu, chini.

Niogope kiasi gani? Na bado, Mungu anisamehe, nilistaajabu. Watu wote wale, kwa neno moja la kitabu, kama ndege wanaoinuka mtini. Sikujua maneno yana uzito huo.

Jumapili, 23 Julai

Sikwenda ibadani. Nimekunja vitenge vyangu. Nimevikunjua. Nimevikunja.

Mayu hajasema nami tangu jana. Amepika mwenyewe.

Namchukia yule mtu wa Dar. Alitupatia Teya na akamchukua mwenyewe.

Jumatatu, 24 Julai

Niandike taratibu.

Asubuhi nilikuwa nachota kinyesi cha ng'ombe cha kukandikia sakafu. Mayu na baba mkwe walikuwa ndani ya zizi. Nilikuwa nyuma ya ua wa minyaa. Sikujificha, nilikuwepo. Walizungumza Kisukuma, tena kwa sauti ya chini, ambayo kwa Mayu ni mbaya kuliko kelele.

Mayu alimuuliza kama alisikia ya juzi. Akasema amesikia. Akamuuliza kama aliona watu walivyoinuka. Akasema ameona.

Mayu akasema, "Tulimpenda Teya miaka mitatu. Tumemwacha siku moja. Hatukumwacha kwa sababu ya ng'ombe wa uongo, hayo tuliyacheka. Tumemwacha kwa ajili ya Weni." Halafu akasema, "Mimi nina turubai langu, nina ungo wangu, wanawake wa kijiji hiki wanakuja kukaa kwangu. Nikimfanya huyu binti alale jikoni mpaka kaka zake waje kumchukua, nani atakaa kwangu tena?"

Mimi ndoo ilikuwa mkononi, sikuweza kuishusha wala kuibeba.

Halafu baba mkwe akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema usiku kucha hakulala kwa ajili ya yule mama mwenye fimbo. Alisema, mimi ningemfungulia mlango.

Basi. Akafungua kamba. Ng'ombe wa Dutwa wakatoka taratibu, mmoja akajinyoosha, wakawafuata wenzao kuelekea malishoni.

Nimelia kwenye kinyesi cha ng'ombe. Sioni haya kuandika. Nilidhani wamenikimbia mimi. Kumbe waliinuka kwa ajili yangu, wote, hata Mama Shija na ulimi wake, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Ijumaa, 28 Julai

Maduhu ametumwa Dutwa kusema hapana. Amekwenda mbio, baiskeli inalia njia nzima. Shingo hakuikuna. Amerudi na ndizi.

Amenieleza mwenyewe, na akasema angesema mapema kama angekuwa na ujasiri wa mama yake. Nikamwambia ni kweli. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine namwekea.

Mtoto sina bado. Hilo halijabadilika na huenda lisibadilike.

Jumatano, 2 Agosti

Juzuu ya tano iko juu ya kabati, karibu na dawa ya panya. Nilimaliza kuisoma peke yangu, kimyakimya, maana nilitaka kujua. Weni hatajwi tena. Si kwa wema, si kwa ubaya. Alitoka pangoni na mwandishi akamsahau. Teya anagundua uji.

Hata hivyo simlaumu kama nilivyomlaumu juzi. Aliwafanya wanawake wa Nkololo wamlilie mtu asiye na ng'ombe. Si kila mtu anaweza hilo. Labda alichoka. Labda walimwambia aandike upesi, vitabu vinauzika. Wakati mwingine nafikiri mtu akiwa na kitu kizuri mkononi ndipo huanza kukiongezea farasi.

Jumapili, 6 Agosti

Leo mchana walikuja wenyewe, hawakuitwa. Mahindi yamekwisha, pamba imekwenda na lori. Mama Shija alileta ukili wa kusuka, Bibi Holo alileta njaa. Nikawapa viazi vya kuchemsha na kwenda kukaa jikoni, maana sina kitabu na bila kitabu sina la kufanya pale.

Baba mkwe akatokea. Hakupitia nyuma ya kihenge. Alikuja na kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka kwenye kivuli, mbali kidogo, ubavu wake kwetu. Wanawake walishtuka, wakasogeza miguu. Akaangalia njia na kusema na Mayu, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Muulize huyo mkamwana. Weni alikwenda wapi?"

Mayu akageuka kuniangalia. Nikatoka nje na sufuria mkononi. Nikamwambia Mayu, kwa kunong'ona, kwamba kitabu hakisemi.

"Kitabu nimesikia hakisemi," akasema baba mkwe, bado anaangalia njia. "Yeye anasemaje?"

Mayu akapapasa mkeka ubavuni mwake. Nikakaa. Mikono ilikuwa mitupu kabisa, sikujua pa kuiweka, nikashika magoti.

Nikasema Weni alitembea kuelekea kaskazini. Nikasema alikuta maji makubwa ambayo ng'ambo yake haionekani, akadhani ni mbingu imelala. Ndivyo mimi nilivyofikiri nikiwa mtoto, Mwamanyili, kila asubuhi yenye ukungu. Nikasema akakaa ufukweni akala dagaa.

Mama Shija akasema ziwa gani hilo halina mamba. Bibi Holo akauliza moto wa kuchomea dagaa aliutoa wapi, au na huyu ataanza kuwa fundi wa kila kitu. Mayu alicheka mpaka akajifuta macho. Nikasema basi, mamba yupo. Nikasema moto hana, siku ya kwanza anawala wabichi, na tumbo linamuuma.

Wakakubali hilo la tumbo.

Huenda wataichoka na hii. Siku moja wataniinukia na mimi, wataniacha na dagaa wangu. Watakuwa na haki.

Sauti yangu ni nene kuliko nilivyodhani. Ilikuwa inafika mpaka kwenye zizi. Nilipofika pale mamba anapotoa pua, baba mkwe akakohoa. Nikanyamaza, nikajua nimevuka mpaka.

Akageuka kidogo. "Nakohoa tu," akasema. "Vumbi."

Nikaendelea.